Mashine Iliyokataa CD Zetu

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya mashine bado hunifanya nigeuke kutazama mlango. Ni harufu ya plastiki iliyopata moto, imechanganyika na soksi za vijana na ile spiriti ya hospitali ambayo kaka yangu Fredi aliitumia kupangusia jicho la mashine lilipogoma kusoma CD. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya sebule yetu kule Kariobangi nilipokuwa msichana wa darasa la nne. Watu wengine hukumbuka utoto wao kwa maandazi ya nyanya yao. Mimi naukumbuka wangu kwa mashine mbili za gemu zilizowaka kutwa nzima, televisheni mbili zenye visogo vikubwa, mabenchi tuliyoazima kanisani na hayajarudi mpaka leo, na vijana wakipigana vikumbo na kutukanana kwa upendo. Ninapoinusa harufu hiyo, hata kwenye duka la fundi wa simu, mwili hukakamaa kabla akili haijajua kwa nini. Kwa muda mrefu nilidhani ni ugonjwa. Siku hizi najua ni woga tu, ule ule wa zamani, nao haujazeeka hata kidogo.

Lazima nieleze kwa nini mama yangu, mwanamke wa Vihiga aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya na ambaye hakuwahi kucheza gemu hata moja maishani mwake, aligeuza sebule yake kuwa maskani ya vijana. Miaka hiyo mtaani kwetu wavulana walikuwa wakitoka asubuhi wakiwa wazima, na jioni mama zao wanaitwa kwenda kuwatambua. Kulikuwa na gari jeupe lisilo na maandishi, lililopita polepole vioo vimeshushwa nusu, na ndani yake wanaume wenye bunduki, polisi wasiovaa sare, wasiosalimia mtu. Sisi watoto hatukuitaja kazi yao. Tulisema tu "wale wa gari", na hata hilo tulilisema kwa sauti ya chini. Likipita, tuliacha kuruka kamba tukajibanza ukutani mpaka likate kona. Halikuwatafuta watoto wa rika langu. Liliwatafuta wavulana wa rika la Fredi, waliomaliza kidato cha nne wakakosa kazi na karo, na hakuna aliyejua kama linamsaka mwizi fulani au linamsaka yeyote aliyekaa pale mwizi alipokaa jana. Baba alikuwa fundi wa reli, amehamishiwa Voi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo hofu ya nyumba nzima aliibeba Mama peke yake. Aliwaza akaona kwamba kijana mkubwa hawezi kufungiwa ndani kama kuku, lakini anaweza kuwekewa humo ndani kitu ambacho hataki kukiacha.

Ndivyo zilivyokuja zile mashine mbili, zimeshatumiwa na watu wengine kabla yetu. Mama alitundika pazia kati ya sebule na jiko, kisha akatoa amri mbili. Ya kwanza, viatu vyote vivuliwe mlangoni, kwa sababu hapa bado ni nyumba ya watu na zulia lile ni la harusi yake. Ya pili, akimwita Fredi, Fredi aitike. Ile ya viatu haikuwa ya zulia pekee. Mama alivijua viatu vya kila kijana, raba za huyu na sandali za yule zilizoshonwa kwa waya, na angeweza kupita na beseni la nguo kichwani akajua nani yumo bila kuchungulia. Ile ya kuitika haikuwa na maelezo. Alikuwa jikoni anakoroga uji, na ghafla, bila sababu yoyote, anapaza sauti: "Fredi!" Naye Fredi nyuma ya pazia: "Niko!" Basi, imeisha. Hakumtuma dukani, hakumuuliza jambo. Baada ya muda anaita tena. Vijana waliona ni kichekesho, wakaanza kumsaidia kuitika, ikawa Mama akisema "Fredi" sebule nzima inanguruma "Nikooo!" na madirisha yanatetemeka. Mama alisonya na kuwaita wapumbavu. Mimi niliyekaa naye nikichambua sukuma wiki niliyaona mabega yake yakishuka kila mara.

Aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Otieno, tuliyemwita Otii, rafiki wa Fredi tangu shule ya msingi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kicheko kilichoanza kabla utani haujafika mwisho. Aliishi na shangazi yake nyuma ya kinu cha unga, lakini kusema kweli aliishi kwetu. Otii ndiye aliyenipa jina la Shosho, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye wasiwasi wa bibi kizee. "Shosho, leo unaogopa nini?" angeniuliza nikitoka shuleni. Mimi nami nilimjibu kwa uzito wote, maana sikuona mzaha: naogopa stima itapotea tubaki gizani, naogopa waya ule utashika moto, naogopa mvua. "Umesahau kuogopa Jumatatu," angeniambia, na kunipisha kwenye benchi nikae kati yake na Fredi. Nilipokaa pale, kwa dakika chache, sikuogopa chochote.

Kilichowashika vijana wale hakikuwa mpira wa kwenye skrini peke yake. Gemu ile iliwaruhusu kuunda timu yao, nao waliiunda wakaipa jina la mtaa, na kila mmoja akajitengenezea mchezaji mwenye jina lake, urefu wake, hata kipara chake. Wachezaji hao walicheza msimu baada ya msimu. Waliumia wakapona, waliuzwa ng'ambo wakarudishwa, walizeeka kidogo. Maisha yao yote yalihifadhiwa kwenye memori kadi, kipande cheusi kidogo kuliko kibiriti, kilichochomekwa kwenye tundu lake mbele ya mashine. Nje hakuna mtu aliyewahi kumwajiri Otii siku mbili mfululizo. Mle ndani alikuwa nahodha, na waliomkosea aliwaweka benchi. Ile memori kadi hakuna aliyeruhusiwa kuigusa akiwa na mikono yenye mafuta ya chipsi. CD zenyewe hazikupewa heshima hiyo. Zilikuwa nyeupe, majina ya gemu yameandikwa juu kwa kalamu nene ya wino, na mchuuzi alizileta zimepangwa ndani ya bahasha ya kaki. Sote tuliamini kwamba CD ya gemu ndivyo ilivyo.

Halafu ikaja habari ya mashine mpya. Ilianza kama uvumi, na punde si punde kibanda kimoja cha gemu kule chini darajani, karibu na mahali pa kuoshea magari, kikaileta kweli. Vijana walienda kuitazama wakarudi na macho makubwa. Wakasema nyasi za uwanjani zinaonekana jani kwa jani, jasho linaonekana likimtiririka mchezaji. Siku iliyofuata mlangoni kwetu viatu vilipungua. Mama alisimama akavitazama, kisha akaingia jikoni akasahau alichofuata. Darajani ndipo lile gari lilipopenda kusimama. Kila mtu alijua hivyo. Vijana wenyewe walijua, lakini kijana wa umri ule akiambiwa kuna nyasi zinazoonekana jani kwa jani, akili hufunga duka. Jioni hiyo Mama aliita "Fredi!" mara nyingi kuliko kawaida, na Fredi akaanza kuitika kwa sauti ya mtu aliyechoshwa. Nilijua, kwa namna ambayo mtoto hujua bila kuambiwa, kwamba tunaweza kumpoteza.

"Mathe, si ununue hiyo mpya," Otii alimwambia Mama, amesimama kwenye pazia na soksi zake zilizotoboka. "Tuachane na hizi mbili, tuchukue hiyo moja."

"Na CD zenu zote hizi nizipeleke wapi? Nizianikie mboga?"

"Hapo ndio utamu. Hiyo mpya inasoma gemu zote za kitambo. Nimeingia saiba nikaisoma kwa intaneti, si stori za mtaa. Waliotengeneza ndio wamesema."

"Zote?"

"Zote, Mathe. Za kitambo na za sai."

Nataka jambo hili lieleweke vizuri, maana nimeliwazia miaka mingi: Otii hakusema uongo. Alisoma kilichoandikwa na akakisema kama kilivyoandikwa. Waliotengeneza mashine ile walijua kwamba watu hawapendi kutupa walichonacho, kwa hiyo waliwaahidi wateja wao kwamba ya jana itaingia kwenye ya leo. Ilikuwa ahadi nzuri, na waliitimiza. Kosa ni kwamba hawakuwa wakizungumza na sisi, na sisi hatukuwa na njia ya kulijua hilo.

Jumamosi tukaenda mjini, Mama, Fredi, Otii na mimi, mashine zetu mbili zimefungwa kwenye shuka ndani ya mfuko wa nailoni wenye mistari. Duka lilikuwa ghorofani, ngazi zake nyembamba, na muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu aliyemwita Mama "mama" kila baada ya maneno matatu. Mama hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alisema haondoki mpaka aone kwa macho yake gemu ya zamani ikicheza kwenye mashine mpya. "Hakuna neno, mama," kijana akasema, akavuta droo na kutoa CD. Naiona mpaka leo. Ilikuwa na picha usoni, mchezaji mwenye jezi nyekundu ameruka hewani, na maandishi ya rangi ya fedha yamezunguka ukingoni. Otii aliishika kwa ncha za vidole akaigeuzageuza. "Hawa wa duka wamepamba ya kwao," alininong'oneza. Nami nikaitazama nikaona kweli, wameipamba, kama watu wanavyobandika picha kwenye jalada la daftari. Ikaingizwa, mashine ikafikiri kidogo, na gemu ile ile ya nyumbani kwetu ikafunguka kwa muziki wake. Fredi alipiga makofi. Mama akatikisa kichwa kukubali, akamkabidhi kijana ule mfuko wa mashine zetu pamoja na pesa za kuongezea. Hatukubeba hata CD moja ya kwetu siku hiyo. Kwa nini tubebe? Tulikuwa tumeshaona.

Vijana walijaa sebuleni alasiri hiyo hadi wengine wakakaa sakafuni kwenye zulia la harusi, na Mama hakusema kitu. Alikaanga maandazi, jambo ambalo alilifanya Krismasi tu. Otii alipangusa CD yetu kwa shati lake, akaisukuma ndani taratibu, na sote tukanyamaza. Mashine ilinguruma, ikatulia, ikanguruma tena. Kisha kwenye skrini yakatokea maneno machache ya Kiingereza yaliyosema kwamba CD hii haitambuliki. "Tulieni, itasoma," Otii akasema. Akaipangusa tena. Akaleta ya pili, akaleta ya tatu, akaleta ile ambayo haikuwahi kumkatalia mtu. Zote zikatemwa. Fredi naye alikuwa akipapasa mbele ya mashine na kando yake, amezishika memori kadi zetu mkononi, akitafuta tundu la kuzichomekea. Halikuwepo. Mashine mpya ilikuwa laini pande zote. Kijana mmoja aliuliza polepole, "Kwani zetu si za kitambo?" Mama alikuwa amesimama kwenye pazia na sahani ya maandazi. Sikuwahi kuona uso wake vile kabla ya hapo, nikaanza kulia, na hakuna aliyeniuliza ninalia nini.

Jumatatu Mama alirudi dukani na bahasha ya kaki, nami nikamfuata kwa sababu sikutaka kubaki. Muuzaji alizitoa zile CD nyeupe, akazitazama, akazirudisha kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi. "Mama, mimi sikukudanganya. Inacheza CD za zamani. Lakini hizi si CD, hizi ni za kuchoma, mtu amenakili. Mashine zako za kwanza zilikuwa zimepachikwa kidude ndani ndio maana zilikuwa zinakubali."

"Ndizo tulizo nazo," Mama akasema. "Mtaani kwetu wote wanazo hizi. Sijawahi kuona nyingine."

"Pole, mama."

"Basi nirudishie zangu."

Zilikuwa zimeshauzwa. Kulikuwa na mtu aliyezichukua jioni ile ile, kijana alisema, mtu wa mitaa ya viwandani. Mama alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Nilidhani atapiga kelele, maana alikuwa na mdomo, mama yangu, hata keyateka aliyesimamia nyumba za ploti yetu alimkwepa. Hakupiga kelele. Alisema tu, kana kwamba anaongea na mtu aliyesimama nyuma ya kijana yule, "Mimi nilikuwa nataka wakae ndani."

Mashine ile ilikuja na gemu yake moja, ya mbio za magari, nzuri kupita kiasi, na kwa siku chache vijana waliicheza kwa heshima, kama mtu anayekula chakula cha wagonjwa. Haikuwa na majina yao. Haikuwa na nahodha. Za mpira zenye picha usoni hatukuwa na uwezo wa kuzinunua. Viatu vikapungua mlangoni, vikapungua tena, hadi zikabaki raba za Fredi, na siku moja hata hizo hazikuwepo. Mama alikuwa anapiga pasi. Aliita kwa mazoea, "Fredi!" na nyuma ya pazia kukawa kimya. Alisimama na pasi mkononi hadi nguo ikaanza kunuka. Toka siku hiyo vijana walikuwa darajani. Otii alipata kibarua cha kuosha magari pale, na wengine walikaa juu ya mawe wakimtazama. Gari jeupe lilipita juu, likashuka, likapita tena. Mimi nilianza kurudi kutoka shuleni kwa njia ndefu inayopita darajani, ili tu nihakikishe kwamba wako hai, kisha nimpelekee Mama habari. "Umemwona?" "Nimemwona." "Amekaa au amesimama?" Eti amekaa au amesimama! Lakini nilimjibu, kwa sababu nami nilikuwa nimeangalia.

Siku yenyewe haikuwa na dalili. Ilikuwa alasiri yenye jua, nimevua sare, namenya viazi. Milio ilikuwa mikavu, nikadhani kuna mtu anaangusha mabati. Mama hakudhani hivyo. Alikwisha kusimama kabla mimi sijainua kichwa. "Funga mlango. Usifungue mpaka usikie sauti yangu," akasema, akatoka mbio bila leso kichwani. Nilisukuma komeo kwa mikono miwili. Nyumba ikawa na giza la mchana, na kitu pekee kilichowaka ndani ni taa ndogo nyekundu ya mashine mpya. Nilijificha nyuma ya televisheni. Nje niliwasikia watu wakikimbia kupita dirishani, kwanza kuelekea huku, halafu kuelekea kule, na mwanamke mmoja akisema "jamani, jamani, jamani" bila kupumua. Nilijaribu kuomba na maneno yakanipotea. Nikabaki na jina la Fredi tu, nikawa nalirudia hadi likapoteza maana.

Mama aliporudi aliita jina langu mara moja, nikafungua. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. "Fredi hayuko pale," akasema. "Nimemtafuta kila mahali. Hayuko kati ya walioshikwa, hayuko kati ya..." Akaketi chini kwenye zulia. Ndipo akaniambia kuhusu Otii. Gari lilikuwa limeteremka hadi mahali pa kuoshea magari, vijana wakatimua mbio, na Otii akatimua pamoja nao akiwa na kitambaa cha kuoshea mkononi. Wengine walikimbilia mtoni. Yeye alikuwa amekimbilia upande wa kwetu. Risasi ilimwangusha nyuma ya kinu cha unga, kwenye kile kijia kinachokuja moja kwa moja mlangoni petu. Mama aliniambia hivyo siku hiyo, na hakurudia tena katika maisha yake yote.

Wanawake wa ploti walikuja wakakaa nasi uani. Hakuna aliyesema Fredi amekufa, na hakuna aliyesema yu hai. Jua lilianza kuteremka. Nilikuwa nimeushika upindo wa rinda la Mama. Halafu Fredi akaingia getini. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope jeusi, ana gunia begani, na anacheka. "Mathe, nimeipata!" alisema kwa mbali. "Kuna msee huko Mukuru kwa Njenga bado ako nazo, amenipatia moja nimempea simu yangu. Nimetembea mguu kwenda na kurudi. Hii inasoma zetu zote, nimejaribu, hata memori kadi inaingia!" Alitua lile gunia, akalifungua, na mashine kuukuu ikachungulia, aina ile ile ya zetu. Ndipo akaona nyuso zetu. "Kwani ni nini? Mathe? Otii ako wapi, nimuonyeshe?"

Mama aliinuka akampiga kofi lililosikika ploti nzima. Kisha akamshika shati kifuani kwa ngumi mbili, na hakumwachilia hadi giza lilipoingia.

Mashine ile ya Mukuru haikuwahi kuwashwa. Tulimzika Otii kwao Siaya, na juma lililofuata Fredi akapelekwa Voi kwa Baba, ambako alianza kwa kubeba vyuma na akaishia kuwa fundi kama yeye. Yuko huko mpaka leo, ana mke na watoto na kitambi. Mama alirudi Vihiga. Mwanamke huyu ana zaidi ya miaka sabini, magoti yanamsumbua, lakini kila anaponipigia simu swali lake la kwanza si hali yangu. "Fredi yuko wapi?" Namwambia yuko kazini, Mama. "Umemsikia sauti, au ni ujumbe tu?" Nikisema ni ujumbe, ananikatia na kumpigia mwenyewe. Fredi hulalamika, mtu mzima wa miaka yake kuitwa hivyo mbele ya vijana wa karakana, lakini hajawahi kuacha simu ya Mama ilie hadi ikatike.

Mimi naishi Njiru sasa, kwenye nyumba yenye geti na ukuta wenye vigae vya chupa juu yake. Mwanangu Tevin ana miaka kumi na minne na mashine ya gemu ambayo haitumii CD kabisa. Gemu zinashuka kutoka hewani, na kumbukumbu zake zote zinahifadhiwa huko huko, hakuna kitu cha kuchomeka wala cha kupangusa. Mwaka huu aliniita sebuleni kwa furaha. "Mama, kuja uone. Wamerudisha gemu za kitambo, hii inasoma zote." Nikakaa karibu naye. Ilikuwa ile gemu yetu, na muziki wake ule ule. Tevin akanieleza kwamba wateja walipiga kelele mitandaoni, wakasema walilipia michezo hiyo zamani na ni haki yao kuicheza kwenye mashine mpya, hadi kampuni ikasalimu amri. Nilimsikiliza mtoto wangu akitamka neno haki kirahisi vile. Sisi hatukuwa wateja wa mtu, tulikuwa watu wa bahasha ya kaki, na kilichoingia kwenye mashine zile hatukukilipia kwa wenyewe. Najua hilo. Lakini nilishika pedi ya kuchezea, nikatafuta orodha ya wachezaji, nikaipitia yote hadi mwisho. Mchezo ulikuwa umerudi. Otii hakuwemo.

Toka hapo sijalala vizuri. Tevin ameanza kuwa mrefu, sauti imevunjika, na barabarani watu wanamtazama kama mwanaume. Nimefanya yale yale aliyofanya mama yangu, kwa vifaa bora zaidi: kila gemu aliyoitaka nilimnunulia, kila alipoomba kutoka nilikuwa na sababu. Nilimwambia Fredi hayo kwenye simu, nikitegemea aniunge mkono. "Mathe alinifungia ndani kwa sababu ya mapenzi, na mimi simlaumu," akasema. "Lakini siku ile mimi nilipona kwa sababu nilikuwa nimetoka, nimeenda mbali." Nikamuuliza, na Otii? "Otii naye alikuwa ametoka," akasema. Nimelipindua jambo hilo huku na huko, na sijapata mahali pa kumweka mtoto ambapo naweza kuapa kwamba ni salama.

Jumamosi iliyopita Tevin aliniomba tena aende kucheza mpira na wenzake kwenye uwanja ulio ng'ambo ya Barabara ya Kangundo. Nilifungua mdomo kukataa, nikaona tayari ameshainamisha kichwa, amezoea. Nikamwambia nenda. Alinitazama kuhakikisha, kisha akatoka kabla sijabadili nia. Nilikuwa bado nimesimama uani, mikono haijui ifanye nini, simu ilipolia. Alikuwa Mama. Aliuliza Fredi yuko wapi, nikamwambia. Halafu, jambo ambalo si kawaida yake, akauliza, "Na kijana wako?"

"Ametoka, Mama. Ameenda mpira."

"Na nani?"

"Na wenzake. Siwajui wote."

Nilingoja anigombeze. Nilisikia jogoo wa Vihiga akiwika kwa mbali, na pumzi ya Mama, nzito, karibu kabisa na sikio langu.

"Basi tumngoje," akasema, na hakuna kati yetu aliyekata simu.